Waya wa simu au kebo ya runinga: Ni ipi njia bora ya kuleta intaneti nyumbani?

KAMPUNI zinazouza intaneti hupenda kutangaza jambo moja tu, nalo ni kasi. Mabango ya barabarani, vikaratasi vinavyopenyezwa chini ya milango na mawakala wanaobisha hodi mitaani, vyote huimba hesabu za megabiti kana kwamba intaneti ni unga unaopimwa kwa kilo, na kilo ya duka hili ni sawa na kilo ya duka lile. Lakini nyumba mbili zinazolipa ada sawa kwa kasi sawa zaweza kupata huduma tofauti kabisa. Katika moja mtoto anahudhuria somo kwa video bila kukatizwa. Katika nyingine picha ya mwalimu inaganda kila baada ya dakika mbili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila katika biashara hii vyote viwili hujitembeza, na mnunuzi asiyejua yaliyomo hana njia ya kuvitenganisha.

Mengi ya yaliyomo yamo katika waya unaoingia nyumbani. Katika mataifa mengi, intaneti ya kasi ilifika majumbani kupitia nyaya ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Wa kwanza ni waya wa simu ya mezani, na wa pili ni kebo ya runinga. Ushindani wa hizi mbili ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na ingawa hapa nchini faiba na mawimbi ya simu za mkononi vimetwaa uwanja, maswali yaliyotokana na ushindani huo ndiyo yale yale ambayo mteja wa leo anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa pesa zake.

Waya wa simu

Waya wa simu ya mezani ni jozi ya nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja, zinazotoka katika kituo cha mitambo ya simu hadi nyumbani mwa mteja. Kila nyumba ina jozi yake. Nyuzi hizo ziliwekwa ili zipitishe sauti ya binadamu, na mtambo wa simu hupitisha sauti katika masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 pekee.

Modemu za zamani, zile zilizokuwa zikipiga mluzi kabla ya kuunganika, zilijibana katika nafasi hiyo hiyo ya sauti. Kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kupakua faili ya megabaiti 700, yaani kiasi kinachojaza sidii moja, kungechukua zaidi ya saa 27, tena iwapo laini haikukatika njiani. Muda wote huo simu ya nyumbani ilikuwa haipokei mtu mwingine, na ada ya simu ilikuwa ikihesabika.

Wahandisi walitambua kwamba kikwazo hakikuwa shaba yenyewe bali matumizi yake. Sauti ilikuwa imekalia kona ndogo tu ya uwezo wa waya. Teknolojia ya ADSL, iliyoidhinishwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) mwaka wa 1999, ilitumia masafa ya juu zaidi, hadi takriban megahezi 1.1, na kuiacha sauti katika kona yake ya chini. Kichujio kidogo kilichochomekwa ukutani kilitenganisha vitu hivyo viwili, na kwa mara ya kwanza mama aliweza kuzungumza kwa simu huku mtoto akiwa mtandaoni, wote katika waya mmoja. Kasi ya kupakua ilipanda hadi megabiti 8 kwa sekunde. Toleo la ADSL2+ la mwaka wa 2003 lilifikisha 24, na VDSL2 iliyofuata ikafikia takriban 100 katika masafa mafupi.

Hapo kwenye masafa ndipo penye udhaifu mkuu. Mawimbi ya umeme hufifia kadiri yanavyosafiri ndani ya shaba, na yale ya juu, ambayo ndiyo yanayobeba data nyingi, hufifia mapema zaidi. Ni kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde: aliye karibu husikia kila neno, aliye mbali huambulia mwangwi. Nyumba iliyo kilomita 1 kutoka kituoni ingeweza kupata zaidi ya megabiti 20 kwa ADSL2+, iliyo kilomita 3 ikapata chini ya nusu ya hizo, na iliyo kilomita 5 ikabaki na megabiti 1 au 2, au ikakosa huduma kabisa. Tena umbali unaohesabiwa ni wa waya, ambao hupinda na kuzunguka kufuata barabara, wala si ule wa ramani. Ongeza viungo vilivyoshika kutu, maji ya mvua ndani ya mabomba ya nyaya, na jozi za majirani zinazopenyezeana mawimbi ndani ya fungu moja, na utaelewa ni kwa nini kasi iliyotangazwa iliwafikia wachache.

Hata hivyo, waya wa simu una sifa moja kubwa. Kati ya nyumba na kituo, njia ni ya mteja peke yake. Jirani akitazama filamu usiku kucha, hakupunguzii chochote katika kipande hicho. Ikiwa laini yako inapata megabiti 6 asubuhi, kwa kawaida itapata takriban 6 hata jioni. Msongamano ukitokea, hutokea mbele ya kituo, mahali ambapo kampuni inaweza kuurekebisha kwa kupanua njia zake.

Kebo ya runinga

Kebo ya runinga ni tofauti kwa umbo na kwa mpango. Hii ni kebo ya koaksia: uzi mmoja mnene wa shaba katikati, ukizungukwa na kihami, kisha wavu wa metali unaozuia mawimbi ya nje yasiingie. Kwa kuwa iliundwa kubeba stesheni nyingi za runinga kwa wakati mmoja, ina nafasi kubwa kuliko jozi ya simu: mamia ya megahezi, ikilinganishwa na megahezi 1 au 2 za ADSL.

Katika mpango wa kisasa, faiba hutoka makao ya kampuni hadi kwenye kisanduku cha mtaa, na kutoka hapo koaksia hugawanyika kuingia katika nyumba. Kigezo kiitwacho DOCSIS, ambacho toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka wa 1997, hutwaa nafasi ambayo ingetumiwa na stesheni ya runinga na kuijaza data. Nafasi moja ya upana wa megahezi 8 hubeba takriban megabiti 50 kwa sekunde. Toleo la DOCSIS 3.0 la mwaka wa 2006 liliruhusu nafasi kadhaa kuunganishwa pamoja, na 3.1 la mwaka wa 2013 likalenga hadi gigabiti 10. Kwa kasi tupu, kebo iliiacha simu nyuma.

Tofauti kubwa ni kwamba koaksia ya mtaa ni ya watu wote. Tuchukue mfano. Kisanduku kimoja kinahudumia nyumba 200, na kampuni imetenga nafasi 4 za data, yaani jumla ya megabiti 200. Kila nyumba imeuziwa kasi ya "hadi megabiti 10". Saa tisa alasiri, nyumba 15 zinapakua kwa wakati mmoja. Zinahitaji 150, na kila moja inapata 10 zake kamili. Saa mbili usiku, watu wamerudi kutoka kazini, na nyumba 80 zinataka kutazama filamu au mpira. Megabiti 200 zikigawanywa kwa nyumba 80, kila moja inabaki na 2.5, wala hakuna kilichoharibika. Ni hesabu tu, na mpango huo ungalifaa kama kampuni ingaligawa mtaa katika visanduku viwili au kuongeza nafasi za data.

Udhaifu wa pili wa kebo ni katika kupakia, yaani kutuma data kutoka nyumbani kwenda nje. Mfumo huu ulizaliwa kwa ajili ya runinga, ambayo huenda upande mmoja. Njia ya kurudi ilibanwa katika masafa ya chini, kati ya megahezi 5 na 42 katika mifumo ya Marekani, na hadi 65 katika ile ya Ulaya. Isitoshe, kelele ya umeme kutoka kila nyumba yenye kiungo kilicholegea hukusanyika katika njia hiyo hiyo. Fundi mzembe katika nyumba moja anaweza kuusumbua mtaa mzima.

Kipi kina nafuu?

Tukiziweka mizani, kebo ina ushindi wa wazi katika kasi ya kupakua, na nyumba ya mbali haiadhibiwi kwa sababu ya umbali wake, maana vikuza-mawimbi huwekwa njiani. Waya wa simu una nafuu katika uthabiti wa saa za jioni, ila kwa walio karibu na kituo pekee. Katika kupakia, ADSL ilitoa takriban megabiti 1 tu. Kebo iliweza kutoa zaidi, lakini kwa kugawana.

Kuhusu kukatika kwa umeme, jambo ambalo Wakenya wanalifahamu vyema, simu ya mezani ya zamani ilipata nguvu zake kutoka kituoni, ambako kulikuwa na betri, hivyo iliendelea kufanya kazi gizani. Lakini modemu ya ADSL ilitegemea umeme wa nyumbani, kwa hivyo intaneti ilizimika hata kama simu ilibaki hai. Kebo nayo hutegemea umeme mara mbili: nyumbani na katika vikuza-mawimbi vya mtaani.

Mambo yalivyokwenda humu nchini

Nchini Marekani, ambako kebo ya runinga ilikuwa imeenea kabla ya intaneti, kampuni za kebo zilishinda kampuni za simu. Mnamo Oktoba 2020, kampuni ya AT&T iliacha kupokea wateja wapya wa DSL. Uingereza imepanga kuzima mtandao wa zamani wa simu za mezani mwezi Januari 2027. Wakenya walio na jamaa huko watakuwa wamesikia wazee wakihimizwa kubadilisha simu zao.

Kenya ilipita njia nyingine. Shirika la Posta na Simu lilipovunjwa mwaka wa 1999, Telkom Kenya ilirithi nyaya za shaba pamoja na ukiritimba wa njia kuu za kimataifa, uliokoma mwaka wa 2004. ADSL iliuzwa, lakini ilikumbwa na matatizo mawili makubwa. Kwanza, simu ya mezani yenyewe ilikuwa kitu cha wachache, na nyaya zake zikawa windo la wezi waliozikata na kuziuza kama vyuma chakavu. Mtaa mzima ungeweza kuamka bila simu wala intaneti kwa sababu mita chache za shaba ziliyeyushwa usiku.

Pili, waya wa kasi nyumbani haukuwa na faida kubwa maadamu njia ya kutoka nchini ilikuwa nyembamba. Hadi mwaka wa 2009 Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti, ambayo huwa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe kwenda na jibu kurudi kulichukua zaidi ya nusu sekunde, na gharama ilikuwa ya kuumiza. Ni sawa na kujenga barabara pana kutoka mlangoni pako hadi kwenye daraja la miti.

Daraja hilo lilibadilishwa mwaka huo wa 2009. Nyaya za baharini za TEAMS, zinazotoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, zilifika Mombasa, na zile za SEACOM zikaanza kazi mwezi Julai. EASSy ikafuata mwaka wa 2010. Ni katika kipindi hicho ambapo kebo ilipata nafasi yake jijini Nairobi na baadaye Mombasa, kampuni ya Wananchi Group, kwa jina la Zuku, ilipouza runinga, simu na intaneti katika waya mmoja. Familia nyingi za tabaka la kati zilionja intaneti isiyohesabiwa kwa dakika kupitia mpango huo. Kisha kampuni nyingine zikaanza kutandaza faiba hadi ndani ya nyumba, na mtindo huo ndio uliotawala. Shaba ya simu ikapitwa kabla hata ya kuwafikia wengi.

Mafunzo kwa mteja wa leo

Huenda msomaji akauliza: ikiwa faiba imeshinda, hadithi ya nyaya mbili za zamani ina faida gani? Jibu ni kwamba faiba imeondoa tatizo la umbali, bali haijaondoa lile la kugawana. Katika mfumo unaotumika sana majumbani, uzi mmoja wa faiba kutoka kwa kampuni hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, ambazo hushiriki takriban gigabiti 2.5 za kupakua na 1.25 za kupakia. Ni nafasi kubwa kuliko ya koaksia, lakini bado ni sahani moja. Intaneti ya 4G na 5G ni sahani moja pia, ikigawanywa na kila simu iliyo karibu na mlingoti, na ile ya satelaiti za karibu kama Starlink, iliyoanza kuuzwa nchini Julai 2023, hugawanywa na wateja wote wa eneo moja.

Uzito wa jambo hili ulionekana shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19. Simu moja ya video huhitaji takriban megabiti 1 hadi 3, na huzihitaji pande zote mbili. Nyumba yenye mzazi kazini kwa video na watoto wawili darasani kwa video ilihitaji kasi ya kupakia ambayo wengi hawakuwahi kuiulizia, kwa sababu matangazo hutaja ya kupakua tu. Mtoto aliweza kumsikia mwalimu, lakini mwalimu hakuweza kumsikia mtoto. Ada ilikuwa imelipwa, na somo lilikuwa limepotea.

Kwa hivyo, kabla ya kutia saini, muulize wakala maswali haya. Kasi ya kupakia ni ipi? Neno "hadi" katika tangazo lina maana gani saa mbili usiku? Je, kuna kiwango cha data ambacho mtu akikipita kasi hupunguzwa? Uwekaji unagharimu kiasi gani, na modemu ni ya nani mkataba ukivunjika? Kisha waulize majirani waliokwisha kuunganishwa, kwa maana wao ndio wanaokula nawe katika sahani hiyo.

Kumbuka pia kwamba biti si baiti. Baiti moja ni biti 8, hivyo laini ya megabiti 8 hupakua megabaiti 1 kwa sekunde. Faili ile ya megabaiti 700 ingechukua chini kidogo ya dakika 12. Anayetarajia sekunde 90 hajapunjwa; amechanganya vipimo.

Ukishaunganishwa, pima kasi kwa tarakilishi iliyochomekwa kwa waya kwenye ruta, si kwa simu iliyo chumba cha tatu nyuma ya kuta za mawe. Pima asubuhi, alasiri na saa mbili usiku kwa wiki moja, na uandike matokeo. Kasi ikiwa ndogo kila saa, kasoro iko katika waya wako au kifaa chako, na fundi anaweza kuitibu. Ikiwa nzuri asubuhi na mbovu jioni, mtaa umejaa, na kubadilisha ruta hakutakusaidia. Ikiwa nzuri kwa waya na mbovu kwa Wi-Fi, kampuni haina hatia; sogeza ruta mahali pa wazi. Na ikiwa tovuti za ng'ambo ndizo pekee zinazokwama, huenda kasoro iko baharini, kama ilivyotokea Februari 2012 nanga ya meli ilipokata TEAMS karibu na Mombasa, au Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mteja anayepiga simu na kusema "intaneti ni mbovu" huambiwa azime modemu na kuiwasha. Anayetaja tarehe, saa na vipimo vya siku saba ni vigumu kumpuuza, na kampuni isipomsikiza, rekodi hiyo hiyo ndiyo atakayoiwasilisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, ambayo hupokea malalamishi ya wateja.

Linabaki tatizo moja ambalo vipimo haviwezi kulitatua. Katika majumba mengi ya kupangisha, mpangaji hukuta kampuni moja tu ndiyo iliyokwisha kufikisha waya mlangoni, na mwenye nyumba hataki nyingine itoboe ukuta. Marekani na Uingereza, ushindani wa waya wa simu na kebo ulikuwa na faida kwa mwananchi kwa sababu nyaya zote mbili zilifika katika nyumba moja, na aliyechukizwa na huyu alihamia kwa yule. Anayetafuta nyumba ya kupanga leo, pamoja na kuuliza habari za maji na usalama, hana budi kuuliza ni kampuni ngapi za intaneti zimeruhusiwa kuingia katika jengo hilo.